Morisi ya Kijani na Bima ya Nurbanu

Barua ilifika Jumanne asubuhi, wiki ya pili ya Oktoba 1973, na Nurbanu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, chupa ya maziwa kwapani na viatu vya kazini havijafungwa kamba. Aliisoma mara moja, akarudia, halafu akapiga ukelele uliomfanya mumewe Fidahusein ateremke ngazi na povu la sabuni shavuni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Mama anakuja! Jumamosi ya wiki ijayo, saa tano asubuhi, uwanja wa Heathrow!"

Walikuwa wametimiza mwaka bila siku chache tangu wateremke uwanja wa Stansted, Uingereza, na masanduku mawili. Nurbanu alizaliwa Unguja, akaolewa Kampala, na huko Kampala akaishi miaka kumi na saba mpaka ilipotoka amri kwamba Wahindi wote waondoke ndani ya siku tisini. Yeye na mumewe walikuwa na pasi za Kiingereza. Mama yake, Bi Rehmat, hakuwa na pasi ya nchi yoyote. Watu wa Umoja wa Mataifa walimchukua wakampeleka kambini Austria, na pale uwanja wa Entebbe mama na binti wakaachana, huyu ndege hii, yule ndege ile. Kabla ya kuachana, bibi kizee alimshika Nurbanu kidevu akamwambia, "Siku nikija huko, usinipandishe mabasi ya watu. Uje mwenyewe unichukue kwa gari, kama siku zote."

Wakati ule ilionekana kama maneno ya kujikaza tu. Lakini baridi ya kwanza kambini Bi Rehmat aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na sasa alitembea kwa magongo mawili. Ngazi za treni za London asingeziweza hata kwa kubebwa.

"Tutakodi teksi," alisema Fidahusein, akijifuta povu.

"Na Jumatatu yake je? Na hospitali kila wiki? Utakodi teksi mpaka lini?"

Fidahusein alimpokea ile chupa ya maziwa. Alikuwa mtu mpole, karani wa stoo kule Deptford, na tangu Kampala alikuwa amejizoeza kutotaka kitu kikubwa, ili asinyang'anywe tena. Nurbanu alikuwa kinyume chake. Kampala aliendesha Pijo ya duka lao miaka kumi na mmoja, akibeba majora ya vitambaa mpaka Jinja na Mbale, na kukaa mwaka mzima bila usukani kulimwasha mikono. Agosti alifanya mtihani wa udereva wa Kiingereza akafaulu mara ya kwanza. Leseni mpya ilikaa kwenye mkoba wake kama hirizi.

Gari nalo lilikuwepo. Jirani yao Jane, mjane wa Kiingereza wa nyumba ya pili, alikuwa na Morisi ya marehemu mumewe, ya kijani, ile yenye fremu za mbao nyuma. Ilikuwa imekaguliwa, kodi ya barabara imelipwa mpaka mwisho wa mwaka, na Jane alikuwa tayari kumwachia kwa bei ya koti zuri.

"Inanitia huzuni kuiona imekaa," alisema Jane. "Ichukue, mpenzi."

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, nacho ni bima.

*

Wakala wa bima alikuwa na ofisi juu ya duka la viatu, barabara kuu ya Lewisham, mkabala na soko. Nurbanu alikwenda Jumatano saa ya mapumziko ya kazini. Kiwandani walikoshona mikoba walipewa nusu saa, na kwa kuwa ilikuwa Ramadhani hakuwa na chakula cha kumchelewesha.

Wakala alikuwa kijana mwenye masharubu mazito. Alimwuliza amekaa Uingereza muda gani. Mwaka mmoja. Akauliza ana leseni ya hapa tangu lini. Miezi miwili. Kila jibu lilipotoka, kalamu yake iliandika polepole zaidi.

"Nimeendesha miaka kumi na mmoja bila ajali," alisema Nurbanu. "Kampala. Sijawahi kudai hata senti."

"Una karatasi?"

Karatasi zilibaki kwenye droo ya dukani, na duka lilikuwa na mwenyewe mwingine. Nurbanu alitikisa kichwa.

"Basi kwangu mimi huna hata mwaka mmoja," alisema yule kijana, wala hakusema kwa ubaya. Alimweleza mambo yalivyo. Sheria ilimlazimisha kila dereva awe na bima ya kumlipa atakayemjeruhi, na tangu Desemba iliyopita hata abiria aliyembeba mwenyewe alihesabiwa humo. Hiyo ndiyo ya lazima, na bila hiyo gari halitoki nje hata kwenda kununua mkate. Kampuni nyingi zilikuwa hazitaki wageni. Moja tu ingekubali, kwa bima ndogo peke yake, yaani hiyo ya lazima, na kwa ada maradufu.

Alipoandika ile ada kwenye kijikaratasi, Nurbanu alidhani ameandika namba ya simu.

Alirudi kiwandani akashona mikoba saba vibaya, msimamizi akamrudishia yote.

*

Jioni ile, baada ya kufuturu, Jane alibisha hodi na suluhisho. Alikuwa amelifikiria mchana kutwa, mashavu yamemwiva kwa furaha.

"Gari libaki kwa jina langu," alisema. "Bima nikate mimi. Marehemu hakupata ajali maisha yake yote, kampuni yake inatujua. Wewe nitakuandika tu kama mtu anayeliazima mara moja moja. Ni nusu ya bei, wala nusu haifiki!"

Fidahusein alimtafsiria mkewe kwa Kiswahili, ingawa Nurbanu alikuwa ameelewa kila neno. "Umeona? Mungu ametufungulia. Sema ndiyo."

Jane alikuwa amekuja na fomu. Nurbanu aliichukua akaisogeza chini ya taa, akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno kama alivyokuwa akisoma msahafu chuoni utotoni. Alipofika swali la tano alisimama. *Nani atakuwa dereva wa gari hili kwa kawaida?* Akateremka mpaka mwisho, penye maandishi madogo kama mchwa. *Natamka kwamba majibu yote ni ya kweli, na kwamba likionekana la uongo, kampuni haitawajibika.*

"Jane, wewe unajua kuendesha gari?" aliuliza.

"Mimi? Hata baiskeli sijui."

"Basi hapa tutaandika uongo." Aliirudisha fomu taratibu, asimuumize yule mama mwema. "Siku nikigonga mtu, watauliza nani alikuwa anaendesha kila siku. Majirani watasema ni mimi. Karatasi hii itageuka karatasi ya kufungia samaki, na wewe utaitwa mahakamani kwa ajili yangu."

Jane alipokwishaondoka, Fidahusein alisugua kisahani kwa kidole gumba. "Banu, wewe unatafuta njia iliyonyooka katika nchi tuliyoingia jana."

"Ndiyo maana naitafuta. Wa jana ndiye anayekamatwa kwanza."

Lakini usiku hakupata usingizi. Alihesabu siku, zilikuwa zimebaki kumi. Alijigeuza huku na huku, akaiona tena ile ofisi ya bima ya Kampala, pangaboi linavyozunguka, karani anavyopiga mihuri. Kila Januari alikwenda pale kulipa. Juu ya kila karatasi palikuwa na jina la kampuni, na chini ya jina, kwa herufi ndogo, anwani ya makao makuu. Aliinuka akaketi kitandani.

"Fida! Fida, amka! Makao makuu ya ile bima yetu ya Pijo yako London!"

*

Ruhusa ya kazini aliipata Jumatano iliyofuata, na hakwenda peke yake. Alikwenda na shoga yake Mardhiya, mwanamke wa Kipemba aliyekuwa akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Lewisham. Walijuana kwenye foleni ya ndizi sokoni, Nurbanu alipomsikia mtu akinung'unika kwa Kiswahili safi kwamba ndizi hizi hata mbuzi hawazitaki. Tangu siku ile hawakuachana.

Walishuka treni London Bridge wakavuka daraja kwa miguu, upepo ukiwapiga mitandio, wakiwa katikati ya wanaume wenye miavuli waliotembea kama wanafukuzwa.

"Shoga, tukifukuzwa mlangoni tutasemaje?" aliuliza Mardhiya.

"Tutasema tumekuja kulipa. Anayekuja kulipa hafukuzwi."

Jengo lilikuwa la mawe meusi kwa moshi, na ndani kulinukia nta ya sakafu. Nurbanu alimweleza msichana wa mapokezi kwamba yeye alikuwa mteja wa tawi la Kampala. Msichana alipiga simu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakaambiwa wasubiri. Walikaa kwenye kochi la ngozi saa nzima, na Mardhiya alikuwa ameanza kusinzia kwa saumu pale mwanamume mrefu mwenye upara alipotokea kwenye lifti, akasimama, akamkazia macho Nurbanu.

"Bibi Walji?" Halafu, kwa Kiswahili kilichopinda kila upande, "Mama wa Pijo! Wewe nakuja hata hapa kugombana na mimi?"

Nurbanu alishika mdomo. "Bwana James! Nywele zako zimekwenda wapi?"

"Nimeacha Kampala, pamoja na samani."

Alikuwa meneja wa lile tawi. Kila Januari Nurbanu alikaa mbele ya meza yake na kukataa kuondoka mpaka apunguziwe, na mwaka mmoja alikaa mpaka wakataka kufunga ofisi. Bwana James aliwapandisha ghorofa ya nne, akawaagizia chai, wakamwambia wamefunga, akaomba radhi mara tatu. Nurbanu akamweleza haja yake. Mama, uwanja wa ndege, Jumamosi, karatasi hakuna.

Bwana James alijikuna upara. "Matawi yalikuwa yanaleta hapa nakala ya vitabu vyote kila mwaka. Iko chini. Kama panya hawajakula." Akatoka.

Dakika arobaini zilipita. Mardhiya alihesabu madirisha ya jengo la ng'ambo. Nurbanu hakuhesabu kitu. Alikuwa anautazama mlango. Mlango ulifunguliwa na Bwana James akaingia na kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, vumbi limemjaa mikononi na kwenye suti, amekunja uso wote kwa kucheka.

"Njoo. Tazama."

Alikifunua kwenye meza. Mistari ilikuwa ya taipu, wino umefifia. *Walji, N. F., Bibi. Peugeot. Kampala. Madai: hakuna.* Akafungua ukurasa mwingine, wa mwaka uliofuata. *Madai: hakuna.* Na mwingine. Mara kumi na moja jina lake lilikuwa limeandikwa pale, mwaka baada ya mwaka, katika jiji ambalo alikuwa hajalikanyaga.

Nurbanu aliweka kidole juu ya jina akashindwa kukiondoa. Duka lilikwenda, nyumba ilikwenda, picha za harusi zilichukuliwa na askari kwenye kizuizi cha barabara ya Entebbe kwa kuwa fremu zilikuwa za fedha. Mwaka mzima kila afisa alimwuliza wewe ni nani na una ushahidi gani. Na ushahidi ulikuwa umekaa hapa chini ya ardhi wakati wote, umepigwa taipu, ukisema kwamba palikuwa na mwanamke, na gari lake, na hakumdhuru mtu.

"Usilie, shoga," alinong'ona Mardhiya, "utafungua saumu kwa machozi." Naye mwenyewe alikuwa anafuta macho.

Bwana James alikohoa, akageukia kazi. Alichukua kichupa cha wino, rula na kikombe cha kalamu akavipanga mezani. "Kichupa ni wewe. Rula ni mtu mwingine. Ukimgonga yeye," akasukuma kichupa kikagonga rula, "bima ndogo nalipa rula. Wewe nalia mwenyewe. Ya kati, ni hiyo hiyo, lakini gari yako ikiungua moto au ikiibiwa, pia nalipa. Kubwa nalipa rula, moto, mwizi, na wewe kichupa pia, hata kama makosa ni yako."

Mardhiya aliinamisha kichwa ili asicheke kile Kiswahili. Nurbanu hakucheka. Alivuta kiti mbele, na sauti yake ya kila Januari ikarudi yenyewe.

"Na kama rula ndiyo imenigonga mimi, na rula haina bima?"

"Ah." Bwana James aliinua kidole. "Swali ya maana. Ukiwa na ndogo, unabaki na hasara yako. Ukiwa na kubwa, sisi tunatengeneza gari kwanza, halafu sisi ndio tunamfukuza yeye."

"Mama yangu akiwa ndani akiumia?"

"Analipwa, kwa sheria. Hata na ndogo."

"Mume wangu akiendesha?"

"Lazima jina lake liandikwe."

"Usiliandike. Huyo akiona polisi anaacha usukani. Na nikiwabeba wenzangu wa kiwandani wakanipa nauli?"

"Hapana! Hiyo ni biashara, bima nakufa. Wabebe bure, au njoo tuandike bima ya biashara."

"Na ile sehemu ya kwanza ya hasara, ninayobeba mwenyewe, ni kiasi gani? Ipunguze."

Bwana James alicheka mpaka akashika meza. "Umeanza! Mwaka mzima mimi nimekaa hapa napumzika!"

Akapiga hesabu. Kwa punguzo la miaka yote ile bila kudai, bima kubwa ilishuka ikawa chini ya ile bima ndogo ya wakala wa Lewisham. Nurbanu aliitazama ile namba kwa muda, akaichukua kalamu, akajaza fomu mwenyewe, kila swali kwa kweli yake. Dereva wa kawaida: mimi. Muda wa kukaa nchini: mwaka mmoja.

"Kitu kimoja," alisema Bwana James akimsindikiza kwenye lifti, na sasa hakutabasamu. "Mtu wa mwaka mmoja, mimi siwezi kukubali peke yangu. Mkubwa wangu lazima atie sahihi. Akikubali, kavanoti nakuja kwa posta Ijumaa. Ni karatasi ya muda, siku thelathini, lakini mbele ya polisi ni bima kamili. Kama haikuja, Bibi Walji, tafadhali, usiendeshe."

*

Ijumaa Nurbanu aliomba ruhusa nyingine, akakatwa mshahara wa siku, hakujali. Posta ya asubuhi ilileta bili ya umeme. Alifagia sebule. Akaifagia tena. Alitoka akaifuta Morisi, ambayo Jane alikwishamkabidhi funguo zake, akaipangusa vioo, akapaka mbao mafuta ya nazi kwa kuwa hakuwa na mafuta mengine. Jane alisimama dirishani kwake akijifanya anamwagilia maua.

Saa sita na nusu mchana tarishi wa posta ya pili alitokea kwenye kona. Nurbanu alimfuata barabarani na taulo mkononi.

"Namba kumi na nne? Walji?"

"Ni mimi! Nipe!"

Bahasha ilikuwa ndefu na nyembamba. Aliipasua kwa meno. Ndani palikuwa na karatasi moja, muhuri wa bluu, namba ya gari, jina lake, na maneno *bima kubwa*. Sahihi zilikuwa mbili.

Kelele aliyopiga iliwatoa watu nyumbani upande huu na ule. Alimkumbatia tarishi, akamkumbatia Jane aliyekuja mbio na kopo la kumwagilia maji, wote wakalowa. Fidahusein aliporudi jioni alikuta mkewe amekaa ndani ya Morisi iliyosimama, mikono kwenye usukani, kavanoti imebandikwa kifuani kwa pini kama medali.

*

Jumamosi waliondoka saa mbili asubuhi. Nurbanu alikuwa kwenye usukani, Fidahusein kando yake amevaa tai ya harusi za watu, na Mardhiya nyuma, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kumnyanyua mtu mwenye nyonga mbovu. Walipita Catford wakaishika barabara ya mzunguko ya kusini. Morisi ilinguruma kama paka aliyeshiba. Nurbanu alikuwa amesahau jinsi dunia inavyokuwa ukiwa nyuma ya kioo chako mwenyewe, gia zinapoingia bila kuziwaza. Aliimba. Mardhiya akadakia. Hata Fidahusein alionekana akipigapiga goti.

Karibu na Clapham, mbele ya duka la magazeti, gari jekundu la milango miwili lilichomoka kutoka njia ya pembeni bila kusimama, na kufumba na kufumbua likawa limewachapa ubavuni. Mbao zililia, kioo kikamwagika, Morisi ikasukumwa mpaka ukingoni.

"Mpo?" alipiga kelele Nurbanu. "Mardhiya!"

"Nipo! Niko mzima! Mlango wangu ndio haupo!"

Mlango wa nyuma wa Morisi ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja. Fidahusein alikuwa mweupe kama karatasi. Alimshika mkewe mkono. "Banu, tuondoke. Gari bado linanguruma. Tuondoke kabla hawajaja." Alikuwa akitazama mbele lakini Nurbanu alijua haoni Clapham. Alikuwa anaona vizuizi saba vya barabara ya Entebbe.

"Fida, nitazame," alimwambia taratibu. "Hapa sisi ndio wenye haki. Nipe kalamu."

Mwenye gari jekundu alikuwa kijana wa koti la ngozi, na alikuja akiwaka. Nani amempa huyu mama leseni? Alikuwa haangalii? Nurbanu alimwacha amalize. Kisha akamwomba jina, anwani, namba ya gari, na jina la kampuni yake ya bima, maana sheria ilimtaka kila mmoja ampe mwenzake hayo. Kijana alibadilika. Akatoa noti mfukoni, akaikunja, akataka kuitia mkononi mwa Nurbanu.

"Tuyamalize hapa, mama. Hakuna haja ya makaratasi."

"Haja ipo," alisema Nurbanu, akarudisha mkono nyuma.

Alikuwa amekwishaandika namba ya gari, na jina la muuza magazeti aliyeona yote, pale polisi wa pikipiki aliposimama. Fidahusein aliganda. Polisi aliomba hati. Nurbanu alichomoa kavanoti, akampa. Polisi aliisoma yote, juu mpaka chini, midomo ikicheza, na magari yaliyokwama nyuma yakapiga honi.

"Iko sawa kabisa, bibi," alisema, akamrudishia, akagusa kofia yake. Akamgeukia kijana. "Na yako, bwana?"

Kijana alisema ameisahau nyumbani. Polisi akampa siku tano aipeleke kituoni. Siku tano zilipita na hakuipeleka, kwa kuwa haikuwepo; hakuwa na bima ya aina yoyote. Hilo walilijua mwezi uliofuata, Morisi ikiwa imekwishatengenezwa kwa gharama ya kampuni, na Bwana James akiwa ndiye anayemfukuza kijana kwa barua.

Lakini saa ile kilichowashughulisha kilikuwa ule mlango, na saa ilikuwa inakwenda mbio. Mardhiya aliushikilia kwa mikono miwili akasema atafika nao Heathrow hivyo hivyo. Ndipo Fidahusein alipoteremka. Alizunguka nyuma, akavua tai yake ya hariri, ile pekee aliyotoka nayo Kampala, akaufunga mlango kwenye fremu kwa fundo la majora ya vitambaa, fundo alilofunga miaka ishirini dukani. Akalivuta kulijaribu. Lilishika.

"Endesha, Banu," alisema, akaingia akafunga mlango wake kwa kishindo. "Endesha, mama asikute hatupo."

*

Walifika saa tano na dakika ishirini. Bi Rehmat alikuwa nje tayari kwenye kiti cha magurudumu, shali mbili begani, magongo mapajani, akimkemea kwa Kikachi, lugha ya kwao, mfanyakazi wa uwanja ambaye hakuelewa neno lakini alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu. Alikuwa amekonda, amekuwa mdogo kama msichana. Nurbanu aliiacha Morisi inanguruma akakimbia, wakashikana, mama akimpapasa binti usoni kama kipofu.

"Umechelewa," alisema mama mwishowe.

"Tumegongwa, mama."

Bi Rehmat aliinua macho akaitazama Morisi, kioo kilichovunjika, mbao zilizopasuka, na mlango uliofungwa tai. Akamtazama mkwewe, shingo wazi. Akamtazama binti yake.

"Ina bima?"

"Bima kubwa, mama. Kwa jina langu."

"Ya kwako mwenyewe?"

"Ya kwangu mwenyewe."

Bi Rehmat aliliwaza hilo kwa utulivu, midomo imebanwa, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akamkabidhi Mardhiya magongo. "Nipakieni. Mbele. Huko nyuma akae Fida."

Mardhiya alimnyanyua kwa ufundi wa kazi yake, mkono chini ya magoti, mkono mgongoni, akamweka bila hata kumgusa nyonga. Walipoingia kwenye ile barabara pana ya kurudi mjini jua lilikuwa limetoka, jua la Oktoba lisilo na joto lakini lenye mwanga mwingi, na upepo uliingia kwa kile kioo kilichokosekana ukapeperusha mitandio yote mitatu. Nurbanu alikaa njia ya kushoto kabisa, mwendo wa taratibu, kwa heshima ya mfupa wa mama yake. Malori yaliwapita. Basi la abiria likawapita. Bi Rehmat aliligeukia akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea mbele.

"Banu," alisema, "mbona tunatambaa?"

"Nakuonea huruma nyonga, mama."

"Nyonga ilivunjika kwa miguu, si kwa gari. Kanyaga mafuta!"

Nyuma, Mardhiya na Fidahusein waliangua kicheko, kila mmoja ameshika upande wake wa mlango. Nurbanu alitazama kioo cha pembeni, akawasha taa ya kuashiria, akaitoa Morisi njia ya kushoto na kuliandama lile basi.